Mapovu Yaliyovuka Mto

Mkanda wangu wa njano ulikatika Bunia, asubuhi, mahali magari yanapopakia abiria wa kwenda Kisangani. Nilikuwa nimeufunga kwenye sanduku, kama nilivyoufunga tangu zipu iharibike, na bwana mmoja wa mizigo akauvuta kwa nguvu za mtu aliyechoka na wasafiri. Ukatoa mlio mdogo, kama mtu aliyeguna, ukabaki vipande viwili mikononi mwake.

"Pardon, Mama," akasema. "Kamba yako ilikuwa imezeeka."

"Ile haiko kamba," nikamjibu. "Ni pazia."

Akanitazama kidogo, akaamua kwamba safari zimeniharibu akili, akalifunga sanduku langu kwa mpira wa tairi la baiskeli. Nikapanda gari na vile vipande viwili mapajani. Njiani nilivinusa. Vilinuka vumbi na mafuta ya gari, ndiyo, lakini chini ya hayo yote, naapa, kulikuwa bado na harufu ya sabuni. Wewe wa umri wangu utaikumbuka sabuni ile: mche mrefu, mgumu, unaokatwa kwa waya, ambao mama zetu walifulia nguo, wakaogeshea watoto na kuoshea masufuria, yote kwa kipande kimoja.

Mimi ni mtu asiyekaa. Nimeishi Bukavu, Goma, Kigoma, Kampala, nikarudi, nikaondoka tena. Nimepanda milima na mzigo kichwani nikiwaacha nyuma wanaume wenye miguu mirefu, na wao huniuliza pumzi hii ninaipata wapi. Huwa nacheka tu. Watu hawa hawawezi kuamini kwamba kulikuwa na wakati ambapo kutoka kitandani hadi mlangoni kwangu ilikuwa safari, na nilipofika mlangoni nilihitaji kukaa.

Nilizaliwa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, katika nyumba iliyokuwa karibu na maji kiasi kwamba mvua ikizidi tulihamisha kuku kwanza, watoto baadaye. Papa alifanya kazi ya reli, na mara nyingi alikuwa safarini upande wa Ubundu. Mama alikausha samaki kwa moshi. Watu wa mama walitoka upande wa Yanonge, watu wa mto, na kwao kuna jambo ambalo mtoto hufundishwa kabla hata ya kuogelea: mtu hafiki kimya. Mtumbwi ukikaribia ng'ambo, lazima uite. Kila nyumba ina mwito wake. Wa kwetu ulianza chini, ukapanda, ukakaa juu kwa muda mrefu, halafu ukavunjika kama kicheko: eeeee-oooo-ho-ho! Aliye nyumbani anajibu, ndipo unashuka. Anayefika kimya amekuja kwa moja kati ya mawili, ama kuiba, ama kuleta habari ya kifo.

Mimi nilifika kimya siku zote. Sikuweza kuita. Waliniitia wengine.

Ugonjwa wangu ulikuwa pumu. Ukianza, kifua kilitoa sauti nyembamba, nyingi kwa pamoja, na mdogo wangu Zozo, ambaye hakuwahi kuficha siri hata moja, alisimama uani na kuwatangazia majirani: "Mama, uya! Paka za Ya Mado zimeamuka!"

Ya Mado ni mimi, dada yake mkubwa. Ulikuwa mzaha wa nyumbani, lakini mimi niliuamini kabisa. Nilijua kwamba kifuani mwangu wanaishi paka wadogo, familia nzima, na kwamba wakilia ni kwa sababu wana njaa. Ndiyo maana nilipopewa kichwa cha samaki nilikifyonza polepole mno, nikiwaachia na wao sehemu yao. Mama alidhani napenda sana vichwa. Akanipa kila siku. Paka hawakunyamaza.

Moshi ndio uliowaamsha. Ulitoka kwenye chanja, zile fito ambazo mama alipanga samaki juu ya moto, ukaingia kwenye nyumba, kwenye nguo, kwenye nywele. Muuguzi wa dispensaire alimwambia wazi: mtoto huyu na moshi huu hawawezi kukaa uani pamoja. Lakini moshi ule ndio uliotulisha. Mama alizunguka nyumba siku nzima, kisha akafunga nguo zangu katika kitambaa chake kimoja kizuri, akanivusha hadi Makiso, ng'ambo ya mji, kwa mdogo wake, Tonton Feli, fundi wa cherehani.

Pale bandarini alinishika mashavu. "Siku utapata pumuzi, utarudia," akasema. "Unasikia? Upate tu pumuzi."

Nilisikia vizuri. Makiso ndiko tulikopata betri, sukari, sindano na viatu, kwa hiyo nilielewa kwamba pumzi nayo inauzwa huko, na kwamba Tonton Feli anajua duka. Kwa siku kadhaa nilimfuata kila alipokwenda, nikichungulia kwenye rafu.

Kulikuwa na jambo jingine, nililolisikia kwa sababu watu wazima hudhani mtoto anayepumua kwa shida hasikii pia. Ndugu za papa walikuwa wamesema kwamba kama Makiso haitanisaidia, nitapelekwa Opala, juu ya mto Lomami, kwa shangazi wa papa. Huko hewa ni ya msitu, walisema. Sikuwahi kumwona shangazi huyo. Nilichojua ni kwamba watu walipokwenda Opala, mtumbwi ulirudi na mihogo, na wao hawakurudi. Basi nilikuwa na njia mbili mbele yangu: nipate pumzi nirudi kwa mama, au nisipate, niende Opala.

Kwa Tonton Feli nilikaa chini ya meza ya cherehani. Nilikatazwa kukimbia. Nilikatazwa mvua, vumbi na mpira wa miguu. Nilikatazwa hata kicheko. "Mado, usicheke sana," alisema Tantine, mke wa tonton, kila mtu mwingine chumbani alipokuwa anacheka. Na kila siku jioni jua likianza kupoa, kutoka nyuma ya ukuta, nilisikia watoto wakipiga kelele zote kwa pamoja: "Aaaï!" Kisha kimya. Kisha tena: "Aaaï!" Nilidhani wanachapwa.

Nyuma ya ukuta palikuwa ghala, dépôt ya Maître Kasereka. Alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Kivu, mnene, mwenye miguu midogo ya haraka, aliyeuza sabuni na chumvi kwa jumla. Asubuhi alikuwa patron, bosi wa duka. Jioni aliwaaga wateja, watoto wakasukuma makatoni ukutani, wakatandika mengine yaliyopasuliwa juu ya sementi, naye akatoka chumba cha nyuma amevaa kimono na mkanda mweusi uliopita chini ya tumbo kwa sababu juu hapakuwa na njia. Alifundisha karate. Alihesabu mapigo kwa Kijapani, "Ichi! Ni! Sani!", na mtaa mzima uliamini kwamba hiyo ndiyo lugha ya kwao milimani.

Tonton Feli ndiye aliyewashonea watoto wale kimono kutoka mifuko ya unga. Siku moja alikwenda kupeleka, nikamfuata, nikasimama mlangoni.

"Na huyu?" akauliza Maître.

"Mutoto ya dada yangu. Iko na asthme. Ye hawezi."

"Hawezi nini?"

"Hawezi kitu."

Maître akanitazama muda mrefu. Nami niliutazama mkanda wake. "Feli," akasema, "uende uulize muuguzi: mutoto akitembea polepole, akipumua polepole, iko mubaya? Akisema iko mubaya, tutaacha. Akisema haiko mubaya, uniletee yee kesho na kimono."

Muuguzi alisema si mbaya, bali ni vizuri, mradi kidogo kidogo, vidonge viwe karibu, na kifua kikianza kulia nipumzike. Usiku huohuo tonton akanishonea kimono. Mgongoni kilikuwa na picha ya shada la ngano ambayo haikutoka hata kilipofuliwa mara nyingi.

Nilidhani nitafundishwa kupiga teke. Maître alinipa bua la jani la papai, lile lenye tundu katikati, na kikopo cha maji ya sabuni.

"Tosha povu," akasema.

Niliinama nikapuliza. Pof, likapasuka. Nikapuliza tena kwa nguvu zaidi. Halikutoka kabisa.

"Unapigana nayo," akasema. "Usipigane. Pumua na pua. Kifua ilale, tumbo ndiyo itumike. Alors, utoe polepole, kama vile mutu anafunga mulango juu mutoto amelala."

Wenzangu walikuwa wakipiga ngumi hewani, mistari miwili, jasho likiwatoka. Mbele kabisa alikuwa Dieudo, mtoto wa fundi baiskeli, mwenye mdomo mkubwa kuliko misuli. "Maître!" akapaza sauti. "Ule anafanya karaté ya bébé!"

Watoto wakacheka. Maître hakugeuza hata shingo. "Dieudo, adui yako wewe iko inje. Ya Mado iko ndani, analala nayo. Sasa nani iko na vita ya kweli? Lala chini, piga pompes, utafikiri jibu."

Dieudo akalala chini, akaanza kujiinua na kujishusha kwa mikono, na kila alipojiinua alinitolea ulimi.

Sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba siku moja povu lilitoka likaendelea kutoka. Likawa kubwa kama chungwa, kama papai, likatikisika mwishoni mwa bua na rangi zote zikizunguka ndani yake, zambarau, kijani, dhahabu ya mafuta ya mawese. Niliogopa, karibu lipasuke. Nikaacha kuogopa, likabaki. Kisha likajitenga, likapaa, likapita juu ya kichwa cha Dieudo aliyesahau kupiga ngumi, likatoka kupitia dirisha kubwa lililotazama mto. Nikaliona likielea juu ya mitumbwi ya bandari, likielekea ng'ambo, mpaka jua likalimeza.

Nikaweka mkono kifuani. Kimya. Hapo nikaelewa, kwa akili yangu ya wakati ule, siri yote ya karate: ndani ya kila povu alikuwemo paka mmoja. Rangi zile zilizozunguka zilikuwa yeye akitafuta pa kulala.

Ah, jinsi nilivyofurahi kuwahamisha! Nilipuliza asubuhi na jioni. Baada ya mapovu nikafundishwa kusimama, kisha kupiga hatua, kisha teke la chini, kisha la juu. Mwishoni nikafundishwa ile kelele iliyonitisha nyuma ya ukuta. Inaitwa kiaï. "Ni pumuzi yote inatoka mara moja," alisema Maître. "Hakuna kubakisha." Vizuri zaidi, niliwaza, yule paka baba, mkubwa asiyeenea kwenye povu, atatoka kwa kiaï. Nilipiga kelele nikielekea dirishani, na njiwa wa paa la dépôt wakaruka. Nilianza kutembea kutoka kwa tonton mpaka kwenye kanisa kubwa la kando ya mto bila kukaa njiani. Nilicheka, na Tantine akafungua mdomo kunikataza, akaufunga.

Kisha mama akaja.

Ilikuwa siku ya soko. Nilisikia mwito wetu kutoka bandarini, nikakimbia. Nilikimbia! Nilimkuta ameketi juu ya vikapu vyake vya samaki, amejifunga kitambaa kifuani, akanikumbatia, nami nikajaa harufu ya moshi na nyumbani. Akafungua kinywa aniambie kitu, akakohoa. Akakohoa tena, ameinama. Na mwishoni mwa kikohozi, chini kabisa, nikaisikia: sauti nyembamba, nyingi kwa pamoja.

"Mama, ni nini?"

"Kifua tu, mwana. Tangu juma ile ingine inanisumbua."

Niliwatambua. Mtu hawezi kuishi na paka miaka yote asiijue sauti yao. Nikageuka nikatazama dirisha la dépôt, nikatazama mto, nikatazama ng'ambo, Lubunga, nyumba yetu mbele kabisa kwenye maji. Ilikuwa njia moja iliyonyooka. Mimi mwenyewe ndiye niliyewavusha.

Toka siku hiyo sikupuliza tena. Nilishika bua mdomoni na kutoa hewa puani, kidogo kidogo, bila povu. Wenzangu walipopiga kiaï, mimi nilifungua mdomo tu. Pumzi zote nilizibana ndani, pamoja na paka wowote waliobaki, wasiende kumwongezea mama. Na kama unavyojua, pumzi ikibanwa haikai kwa adabu. Kifua kilianza kulia tena. Vidonge vikatolewa. Nikarudi chini ya meza ya cherehani.

Siku nyingi Tonton Feli aliketi mguu juu ya cherehani bila kushona. "Bon," akamwambia Tantine, "Makiso imeshindwa. Bateau ya Opala iko inapakia."

Sikulia. Walidhani ni ujasiri, na kwa namna fulani ulikuwa: nilikuwa nimekwisha kufikiri kwamba Opala ni mbali, mbali kuliko povu lolote linavyoweza kuelea. Nikienda huko na paka wangu, mama atapona. Nilimpa Zozo, aliyekuja kuniaga, sehemu yangu ya vichwa vya samaki kwa maisha yote.

Jioni ya mwisho nilikwenda dépôt kurudisha bua na kikopo. Maître akanizuia mlangoni. "Utosheye sisi povu moja ya kuagana," akasema. "Moja tu. Kubwa."

Watoto wakakusanyika. Nikainua bua, nikatazama dirisha.

"Maître, funga dirisha."

"Juu ya nini? Tutakufa na joto."

"Zitafika kwa mama."

"Nini itafika?"

"Paka."

Halafu Dieudo akacheka, mwingine akacheka, na Maître akainua kidole kimoja, vicheko vikakatika. Akakaa juu ya katoni la sabuni, katoni likalia chini yake. "Uniambie yote," akasema. Nikamwambia yote: Zozo, vichwa vya samaki, rangi ndani ya povu, njia iliyonyooka, kikohozi cha mama. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayenunua jumla. Kisha akainuka, akafunga dirisha, akarudi, akapiga magoti mbele yangu, uso kwa uso.

"Bon. Unipe miye."

"Apana! Utakufa, Maître!"

"Miye? Angalia hii nyumba." Akapiga tumbo lake, likatikisika. "Vyumba iko mingi. Na uangalie hapa." Akanionyesha katoni la sabuni lililotafunwa pembe. "Panya, Mado! Zinanikulia sabuni, zinanikulia mifuko ya chumvi, usiku zinacheza ndombolo juu ya dari. Tangu mwaka mimi natafuta paka. Na wewe unataka kubeba zote Opala? Ni wivu gani hiyo?"

Sikuwa nimefikiria panya.

Nikachovya bua. Nikapumua kwa pua, tumbo likafanya kazi, nikatoa polepole kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala. Povu likaja, likakua, likaelea mbele ya uso wake mpana, likampasukia puani. Akalamba midomo. "Inakosa chumvi," akasema. "Sasa mukubwa yao. Kiaï!"

Nikasimama kama alivyonifundisha. Nikafumba macho. Vyote nilivyokuwa nimevibana tangu siku ya soko nikavitupa mara moja, na sauti iliyotoka sikuijua. Katoni moja la juu likaanguka. Maître akarudi nyuma, akakaa chini kwa kishindo, akashika tumbo kwa mikono miwili, akatoa sauti ndogo: "Nyaau."

Dépôt nzima ikapasuka kwa kicheko. Dieudo akawasukuma wenzake, akaja mbele. "Na miye! Unipe na miye moja, Mado! Kwetu panya iko mingi kupita ya Maître!" Kisha mwingine, kisha wote wakapanga mstari, na mimi nikawapigia kiaï mmoja mmoja, nao wakaanguka mmoja mmoja wakilia nyaau. Nilicheka hadi nikakaa chini. Nilicheka sana, kwa namna ile Tantine aliyoikataza, na nilipomaliza nilingoja. Kifua kilikuwa kimya.

Asubuhi nilikwenda mapema kuona kama yuko hai. Nilimkuta anakata mche wa sabuni kwa waya, ndizi ya kuchoma mdomoni. Nikaweka sikio kwenye tumbo lake.

"Zinalala," akasema. Halafu akaweka waya chini. "Sikiliza, Mado. Paka hakuna. Iko njia ya hewa tu, inajikaza, unaifundisha kujilegeza. Mama yako iko na mafua na moshi. Yee vilevile aende aone muuguzi. Unaelewa?"

Nilisema ninaelewa. Nilielewa nusu. Lakini niliona kwamba alikuwa amekula usiku, amelala, ameamka, na ndizi ilikuwa ya pili. Hiyo ilinitosha.

Maître alikuja kwa tonton, akamweleza yote, na tonton akampeleka mama kwa muuguzi. Alipewa dawa ya kikohozi, akaambiwa naye moshi unamla. Papa aliporudi kutoka Ubundu alimsaidia kuhamisha chanja mwisho wa kiwanja, pale upepo wa mto unapochukua moshi kwenda upande mwingine. Nami nilisimama bandarini na mkate mkononi nikiiangalia bateau ya Opala ikiondoka, imejaa watu, ndoo, mbuzi na kelele, bila mimi.

Siku ya kupata mkanda wa njano ilipofika, mikanda haikupatikana mjini. Tonton Feli akashona mmoja.

"Feli," Tantine akauliza jioni ile, akiwa amesimama mbele ya dirisha tupu, "pazia yangu iko wapi?"

"Imeenda karaté," akajibu tonton.

Nilivuka kwenda nyumbani katika likizo kubwa, mkanda kiunoni juu ya gauni la misa. Mto ulikuwa wa kahawia na wenye nguvu, mwendesha mtumbwi akauelekeza juu kwanza, kisha akauacha ushuke wenyewe. Tulipokaribia nikaona chanja mahali pake papya, na wanawake wameinama. Mwendesha mtumbwi akavuta hewa aite. Nikamgusa mkono.

"Apana. Miye."

"Mado, kaa chini, tutazama!" Tonton akashika kingo za mtumbwi kwa mikono yote miwili. Yeye ni fundi wa nguo, hakuwahi kuyazoea maji, ingawa alizaliwa juu yake.

Sikukaa. Nikapanga miguu kama juu ya makatoni. Nikapumua kwa pua. Kifua kikalala, tumbo likafanya kazi, nikauanza mwito wa nyumba yetu kutoka chini, nikaupandisha, nikaukalisha juu pale ambapo sikuwahi kufika, nikaushikilia, ukaendelea, ukaendelea, nikauvunja kama kicheko.

Eeeee-oooo-ho-ho!

Wanawake wakainua vichwa. Mama akasimama, samaki mkononi, mkono mwingine juu ya macho. Hakujibu. Nikaona anageuka kulia na kushoto. Nikaita tena. Ndipo samaki akaanguka, na mama akaingia mtoni na nguo zake zote, maji yakamfika mapajani, akajibu, na sauti yake ikakatika katikati, akaanza upya, akamaliza.

Tulipokula lituma, ndizi za kuponda, na samaki, Zozo hakuweza kujizuia. "Ya Mado, mama hakukujua! Alimuuliza jirani, mama Jeanne: ni mwanamuke gani ule anaita mwito ya nyumba yangu?"

"Uongo!" akasema mama. "Miye nilikuwa ninamusikia kila siku. Kila jioni, toka Makiso. Nilikuwa ninakaa pale kwa maji, namusikia vizuri."

Nilimwamini. Mimi niliyeogopa kwamba pumzi zangu zinafika ng'ambo sasa nililala nikifurahi kwamba zilifika. Nilikuwa mtu mzima tayari, nimesimama kwenye bandari hiyohiyo nikiutazama upana wa mto huo, nilipokiri kwamba hakuna sauti ya mtoto inayouvuka. Sijawahi kumwambia mama. Pumu nayo haikuniacha kabisa. Pompe ya dawa imo kwenye mkoba wangu hata sasa, na msimu wa vumbi tunasalimiana. Lakini ni yeye anayenifuata mimi siku hizi, na huwa anachelewa.

Gari la Bunia lilifika Kisangani likiwa limejaa matope. Kijana wa toleka, teksi ya baiskeli, akanibeba na sanduku langu hadi bandarini. Dépôt ya Maître siku hizi inauza simu, na dirisha kubwa limezibwa kwa matofali. Nilivuka. Mama amezeeka, sikio moja limekufa, hakaushi samaki tena, ila hukaa pale pale mwisho wa kiwanja, kitini, ameyatazama maji. Kijana wa mtumbwi alivuta hewa aite. Nikamgusa mkono, nikasimama, vipande viwili vya pazia nimevifunga kiganjani, nikaita.

Wanafunzi waliokuwa wakioga wakageuka. Mbwa wakabweka. Mama hakutikisika. Nikaita tena, kwa tumbo lote. Akainua uso polepole, akatabasamu bila meno mengi, akaweka mikono mdomoni.

"Acha makelele!" akapaza sauti. "Nilikusikia toka Bunia!"